Apu za afya zimejaa, serikali ianze na ipi?

SWALI: Habari mhariri. Mi ni nesi kwenye zahanati moja huku Ulanga, tuko wawili tu. Kila mradi ukija unakuja na apu yake, wa chanjo ana yake, wa lishe ana yake, wa TB naye kaleta tableti ya kujazia, na jioni bado nakaa najaza madaftari ya MTUHA, yale ya taarifa za huduma za afya, kwa mkono, taarifa zilezile. Hivi wizara ikitaka kuchagua chache za kubeba nchi nzima iangalie nini? – Nesi, Ulanga

JIBU: Nzuri dada, na pole sana kwa kazi. Mi naona cha kwanza kuangalia ni hiki: ukishatuma hiyo taarifa, huko inakoenda nani ananyanyuka na kufanya kitu? Kama hakuna, isubiri kwanza, hata iwe nzuri vipi machoni.

Chukua m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Mjamzito anatokwa damu usiku, mtu anapiga 115, bure, hata kwa kitochi kisicho na salio, wa kituo cha uratibu anauliza maswali, anaamua apelekwe wapi, anatafuta gari la wagonjwa, lisipopatikana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, na dereva akishamfikisha mama analipwa kwa simu. Ilianzia huko kanda ya ziwa, 2022 Rais Samia akaizindua iende nchi nzima. Sasa hapo simu ni sehemu ndogo tu, kazi kubwa imefanywa na gari na nauli iliyotengwa, na ndo maana mi ningeiweka juu kabisa.

Tena huko kwenu Ulanga mna mfano. Kuanzia 2009 Ulanga, Kigoma Vijijini na Lindi Vijijini walijaribu SMS for Life, kila Alhamisi mhudumu anapata meseji, anajibu dawa za malaria zimebaki ngapi, akijibu kwa wakati anapewa vocha, na wilaya ikiona kituo kimoja kimeishiwa na jirani yake anazo inahamisha. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa vilishuka kutoka 78% wiki ya kwanza hadi 26% wiki ya 21. Meseji za kawaida kabisa hizo, hamna bando hamna nini.

La pili ni hilo linalokuumiza, taarifa iingie mara moja tu. Apu isiyoweza kupeleka takwimu zake DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao wilaya inautumia tayari, isipewe kibali, na hapa wizara iwe ngumu kweli. Uganda mwaka 2012 wizara yao ilisimamisha miradi yote ya namna hii mpaka ipitiwe na kuidhinishwa, maana majaribio yalikuwa mengi mno na hayasomani. Mi naona wizara hiyo ilifanya la maana, muda wa nesi nao ni rasilimali ya taifa, ukiutumia kujaza fomu ya nne kuna mtoto kwenye benchi anazidi kuchemka.

Halafu bajeti, mfadhili akiondoka seva nani analipia? Hilo lijibiwe kabla ya kusaini.

Wewe kwa sasa andika kwenye karatasi moja kila apu na kila daftari mnalojaza, na mgonjwa mmoja anaandikwa mara ngapi, mpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya kabla hawajakaa kupanga bajeti ya halmashauri.