Majambia ya babu usiyauze kwa mkupuo

Pole kwa msiba ndugu. Hayo majambia ya Kiomani aliyokuachia babu usiyauze yote kwa bei moja, dalali anakuwa kashaliona lile zuri, mengine anayachukua kama nyongeza tu. Usiyasugue pia, ule weusi kwenye fedha ya ala (kifuko cha jambia) ndo wanunuzi wanautaka, pangusa vumbi na kitambaa kikavu basi. Alafu mulika mpini na tochi, ukiona nyuzinyuzi kama nywele na pembeni panapitisha mwanga wa rangi ya asali yaweza kuwa pembe ya kifaru, hapo simama kwanza uende ofisi ya serikali ya Maliasili, maana CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara yake ya kimataifa tangu 1977. Yaliyobaki sonara akupimie fedha, hiyo iwe bei ya chini kabisa, sio bei ya kuuzia.