Unahamisha Mfumo wa Access Kwenda Mtandaoni? Anza na Data

Kampuni ndogo nyingi ninazozihudumia hapa Dar es Salaam bado zinaweka stoo, ankara na madeni kwenye Microsoft Access, programu ya kutunza data, ndani ya kompyuta ya mhasibu. Likifunguliwa tawi la pili, bosi anataka mfumo uende mtandaoni, na waandika programu wanakimbilia kuchora skrini mpya. Nawasihi skrini zisubiri.

Pelekeni kwanza majedwali yote kwenye hifadhidata ya seva, SQL Server au PostgreSQL, kisha fomu zilezile za Access ziunganisheni nayo kwa ODBC, kiunganishi cha kawaida kati ya programu na hifadhidata. Wauzaji wanaendelea kuuza kama jana, na data imeshatoka kwenye faili lenye ukomo wa gigabaiti 2. Kurasa za mtandaoni zije moja moja, mkianza na ile inayosubiriwa zaidi na walio tawini. Mara nyingi ni ya kuangalia stoo.

Kazi nzito ni kusafisha data. Access huhifadhi “ndiyo” kama -1, lakini SQL Server huweka 1, kwa hiyo masharti ya zamani ya utafutaji yanayotafuta -1 yakinakiliwa huko hayaleti kitu. Saa iliyoingizwa bila tarehe huibuka na 30 Desemba 1899, siku ambayo Access huanzia kuhesabu. Fedha ziwekwe kwenye desimali kamili, kamwe si float, aina ya namba inayohifadhi senti kwa makadirio. Halafu kuna wateja: huyuhuyu mmoja ana namba ya simu inayoanza na 0 na nyingine inayoanza na +255, hivyo deni lake limegawanyika mara mbili. Hapo hakuna programu itakayokuokoa. Kaa na mhasibu, maana yeye ndiye anayejua kuwa aliyeandikwa kwa jina la duka na aliyeandikwa kwa jina la mwanawe ni mtu mmoja.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba nchini. Kwa duka lenye foleni, napendelea seva ikae ofisini, iwe na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na nakala ipelekwe kwingine kila usiku. Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nanyi pia.

Kabla ya kuzima Access, fungeni hesabu za mwezi mzima pande zote mbili na mlinganishe salio la kila mteja, shilingi kwa shilingi. Faili la zamani msilifute. Lifanyeni la kusoma tu, maana wakaguzi wataliulizia.