Wasomaji Wanauliza: Neti Imekatika au Imezimwa?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, intaneti, kwahiyo nimeamua toleo hili liwe la intaneti peke yake, yale maswali ya mechi na ya ndoa za mastaa yatasubiri. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

*Shikamoo anko. Mimi nashona mikoba ya vitenge, wateja wangu wote wako WhatsApp na Insta. Mei 2024 neti ilisumbua tukaambiwa mkongo umekatika baharini, sawa. Halafu 29 Oktoba 2025 ikaondoka kabisa. Mume wangu anasema ni kitu kilekile, mimi nabisha. Nani yuko sahihi? — Mama Mikoba, Tanga*

Marahaba mama. Mumeo anisamehe, ila wewe ndo umepatia. Ya Mei ilikuwa ajali, ya Oktoba ilikuwa uamuzi wa watu, na dalili zake hazifanani hata kidogo.

Tuanze na Mei. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Hiyo miwili Tanzania tulikuwa tunaitegemea kupita kiasi, ndo maana tuliumia kuliko Kenya ambao pale Mombasa wana mkongo wa TEAMS unaokwenda mpaka Fujairah kule Falme za Kiarabu, wana wa PEACE, na mingine tena. Lakini kumbuka ilivyokuwa: waziri wa wakati ule, Nape Nnauye, alitokea akasema, kampuni za simu zikaomba radhi, wenye mikongo wakataja ilipokatikia na wakasema meli ya matengenezo iko njiani. Na neti yenyewe haikufa, ilikuwa inajikongoja, unatuma picha ya mkoba inazunguka weee halafu inaingia. Tena hatukuwa peke yetu, Malawi, Msumbiji, Rwanda, Uganda, Madagaska, mpaka Mayotte, wote walikuwa wanalia kilio kimoja, maana mkongo ukikatika haujui mpaka wa nchi uko wapi.

Na hapa kuna jambo ambalo naona wengi hawakuliunganisha. Kwanini kukatika kule kusini kutuumize hivyo wakati kuna njia ya kaskazini? Kwa sababu kaskazini kulishaharibika tangu Februari. Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu Novemba 2023 wakisema ni kwa ajili ya Gaza, na tarehe 18 Februari 2024 wakaipiga kombora meli ya mizigo inaitwa Rubymar, ilikuwa imebeba mbolea. Mabaharia wakaikimbia, nanga ikabaki imeshushwa, meli ikawa inaelea huku inaburuta nanga chini, na inaaminika hiyo nanga ndo iliyokata mikongo mitatu, mmoja ukiwa wa Seacom. Tarehe 2 Machi meli ikazama. Kuitengeneza mikongo ile kulichukua miezi kwa sababu kule ni vitani na vibali vya kuingia maji ya Yemen vilikuwa kazi. Kwahiyo mama, wewe upo Tanga na cherehani yako, vita ya Gaza imepita Yemen, imepita chini ya bahari, imefika mpaka kwenye oda zako. Sisi tunaambiwa siasa za dunia ni za wakubwa wa New York, mimi siamini hivyo hata siku moja.

Watu wengi wanadhani intaneti inatoka angani. Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya data kati ya mabara yanapita kwenye hii mikongo, na kwenye kina kirefu mkongo wenyewe si mnene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Kila mwaka duniani hukatika mara 150 mpaka 200 hivi, na sehemu kubwa ni nanga za meli na nyavu za wavuvi, siyo papa kama watoto wanavyopenda kusimuliana. Meli ya matengenezo ikifika inashusha ndoano la chuma, inakokota taratibu kwenye sakafu ya bahari mpaka linase, wanapandisha ncha moja wanaifunga kwenye boya isipotee, wanaenda kutafuta ya pili, halafu ndani ya chumba safi melini fundi anakaa na nyuzi za kioo nyembamba ajabu, anaziyeyusha ncha kwa ncha mojamoja mpaka mwanga upite tena. Moja ya meli hizo kwa upande wetu wa dunia ni Léon Thévenin, ilitengenezwa 1983 na kituo chake ni Cape Town. Hao watu mimi nawaheshimu sana, bahari ikichafuka wanangoja, ikitulia wanarudi kazini, na hakuna anayewajua.

Sasa njoo Oktoba. Siku ya uchaguzi, Jumatano, neti inaondoka kwenye mitandao yote ya simu, nchi nzima bara na visiwani, na majirani zetu wanaendelea kama kawaida. Mikongo ilikuwa mizima. Jumatatu tarehe 3 Novemba, siku ambayo rais aliapishwa Dodoma, ndo ikaanza kurudi. Siku zile zote hatukuona tangazo lenye jina la aliyeagiza, kwa kifungu gani cha sheria, na mpaka lini. Hapo ndo tofauti ilipo mama, na hapo ndo mimi roho inaniuma. Mkongo ukikatwa na nanga tunaambiwa mpaka umbali kutoka ufukweni, neti ikizimwa na binadamu mwenye ofisi na mshahara hatuambiwi hata jina. Watu walikuwa wanatafuta ndugu zao siku zile. Wengine walikuwa na mgonjwa, na daktari yuko WhatsApp. Kama kulikuwa na sababu ya kuzima, basi iandikwe, isainiwe, ipelekwe mahakamani ipimwe, sidhani kama naomba kikubwa.

Na hilo la mahakama siyo ndoto. Zimbabwe, Januari 2019, serikali ilizima neti wakati wa maandamano ya bei ya mafuta, Mahakama Kuu ikasema waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo, neti ikarudishwa. Togo nao, Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, mwaka 2020 iliamua kwamba kuzima kwao kwa 2017 kulivunja haki ya watu kujieleza, serikali ikaambiwa ilipe. Mwambie mumeo.

*Niaje. Sisi tulikuwa tao 25 Juni 2024, ile siku ya bunge. Jioni network ikaenda chini, Safaricom wakasema ni cable mbili za baharini. Kwani cable zinajua siku ya maandamano? — Kijana wa Umoja, Nairobi*

Poa ndugu yangu. Swali lako ni zito, nalijibu kwa ninayoweza kuyasimamia tu. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa tamko kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake watu wakaingia bungeni kupinga Mswada wa Fedha, watu wakapigwa risasi, na neti ikashuka vibaya, kampuni ikasema nyaya zake mbili za baharini zimepata hitilafu. Waliokuwa wanapima mitandao waliona na Uganda, Burundi na Rwanda zikiyumba kidogo, na hilo linaweza kuelezeka kwa njia zote mbili, iwe ni hitilafu ya kweli au ni kuzimwa, maana wote hao wanapitisha data Mombasa. Tarehe 26 rais akasema hatausaini mswada.

Mimi siwezi kukuambia wamedanganya, sina karatasi mkononi. Ila hitilafu ya mkongo huwa inaacha rekodi, kuna saa iliyoanza, kuna sehemu, kuna kazi iliyofanywa, na kitu kama hicho kinatakiwa kikaguliwe na mtu asiye wa kampuni wala wa serikali, matokeo yawekwe wazi. Mkija kuandamana kwa jambo lolote lile lingine, daini na hilo. Na hapo Kenya mmeshatutangulia, maana mashirika yalikwenda mahakamani na Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda ya kuzuia uzimaji mpaka kesi isikilizwe. Huku kwetu naiangalia kwa wivu, tena wivu wa wazi kabisa.

*Asalaam aleikum. Niko Maskati tangu ujana wangu, mama yangu yuko Unguja peke yake na dada wa kazi. Siku zile za Oktoba nilipiga WhatsApp mpaka nikalia. Siku nyingine nifanyaje? — Binti wa Kikwajuni*

Waaleikum salaam dada, pole sana, na mama msalimie. Nakujibu haraka kwa sababu hili ni la kufanya leo siyo kesho. Kuzima intaneti mara nyingi hakugusi simu ya kawaida, kwahiyo jizoeshe kumpigia mama kwa laini yake kabisa, mara mojamoja, hata kama ni ghali, ili ajue namba yako ya Oman ikiingia apokee, maana wazee wengi wakiona namba ndefu ya nje wanaogopa matapeli. Meseji za kawaida nazo hupita. Hela pia, zile menyu za kubonyeza nyota, mfano *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom, hazihitaji bando, zinatumia njia nyingine ya mtandao wa simu, wakati app ya simu inakuwa imekufa. Kwahiyo dada wa kazi afundishwe nyota, asitegemee app peke yake. Mwachie pia namba ya jirani mmoja na ya duka la dawa, ziandikwe kwenye karatasi ukutani. VPN, zile app za kupitisha neti yako njia ya kuzunguka, haitakusaidia mahali ambapo neti yote imezimwa, hiyo inafaa pale wanapofunga tovuti mojamoja tu, kama X, ile Twitter ya zamani, ilivyofungwa Tanzania tangu Mei 2025, tena Tanzania VPN yenyewe ilitolewa agizo la kusajiliwa tangu Oktoba 2023, nalo ulijue.

*Bro mimi ni msanii chipukizi. Ile Mei 2024 nilishangaa, video za wakubwa kule YouTube zilikuwa zinacheza freshi, ya kwangu inakwama. Hii ni fitna ya lebo? — Msanii, Mbeya*

Hapana mdogo wangu, hapo lebo umeisingizia. Video inayotazamwa sana Google hawaifuati ng'ambo kila mtu anapobonyeza, wanaweka nakala kwenye seva zao, yaani kompyuta za kuhifadhia, zilizo ndani ya mitandao ya nchi, Dar, Nairobi, kwahiyo wimbo wa Diamond ambao mtaa mzima unaucheza nakala yake iko karibu na wewe, mkongo ukatike usikatike unapata. Wimbo wako mpya uliotazamwa na watu wachache hauna nakala huku, kila anayeubonyeza unafuatwa mbali, na mbali ndo kulikokatika. Najua inauma, mwenye nacho ndo anaongezewa, lakini si fitna, ni mashine zinavyopanga.

Na hii biashara ya kuweka vitu karibu ina historia ambayo kila kijana wa muziki na teknolojia angeijua. Nairobi mwaka 2000 kampuni za intaneti zilijenga kituo cha kubadilishana data hapohapo mjini, KIXP, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isizunguke kwa setilaiti mpaka ng'ambo irudi. Telkom Kenya wakalalamika kwamba wao ndo wenye haki peke yao, msimamizi wa sekta akakifunga. Walipigana mpaka Februari 2002 kikafunguliwa. Mimi kila nikifikiria hao mafundi waliokwenda kubishana na kampuni ya serikali wakati ule, nafurahi, maana leo unabonyeza wimbo ukiwa bodaboda na unacheza.

Wewe ushauri wangu ni huu, ukitoa wimbo peleka na faili lenyewe kwa madereva wa daladala, vinyozi, mama lishe wenye spika, na redio za hapo Mbeya, kwa flashi na Bluetooth. Ikizimwa tena, muziki wako utakuwa umeshafika mtaani.

*Kwanini tusihamie Starlink wote tumalize hii stori? — Msomaji, Mwanza*

Kwa sababu nayo, hiyo intaneti ya setilaiti, inahitaji leseni ya nchi. Rwanda waliikubali mapema 2023, Kenya Julai mwaka huohuo, na palipo na leseni pana masharti, mwenye kutoa leseni anaweza kusema zima. Tena ile data ikishashuka kutoka angani inaingia kwenye kituo cha ardhini na mara nyingi inaendelea na safari kwa mikongo hiyohiyo. Kwa mtu wa kisiwani Ukerewe au mgodini ambako mnara wa simu haushiki vizuri, ningeipigania sana iruhusiwe. Ila kama unaitaka ili ikukinge na amri ya kuzima, hapo hapana, hiyo amri inabidi tuidai iwe na jina na tarehe tukiwa hapahapa chini.

Maswali ya mechi na ya mastaa nimeyapanga toleo lijalo, yule wa Morogoro aliyeuliza kuhusu sauti za wasanii zinazotengenezwa na akili bandia nimekuona, nitaanza na wewe.