Maporomoko ya Sheldrick: kwenda na kurudi siku moja

Dada, umeuliza kama mwaweza kutoka Mombasa na watoto, mfike maporomoko ya Sheldrick kule hifadhi ya Shimba Hills na kurudi jioni. Mwaweza kabisa. Vukeni Likoni mapema, mshike njia ya Kwale. Lango liko mbele kidogo ya mji. Nendeni na gari, maana njia ya miguu huanzia ndani ya hifadhi. Tena msiingie msituni peke yenu: kuna ndovu, ndiyo sababu askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) huwaongoza wageni.

Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda kurudi: mlima umesimama, na lile joto la unyevu chini ya miti lachosha kuliko jua la Nyali. Watoto wavae viatu vinavyoshika ardhi, si makubazi. Maji bebeni kwa wingi, ila si kwenye chupa za plastiki za kutupa. Zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

Pale chini maji huanguka zaidi ya mita 20. Kaeni, msiharakishe! Mkitoka, watafuteni palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, kwenye mbuga za nyasi. Kenya nzima, porini wako hapo tu.