Usimwite fundi kabla hujajua mlezi atalipwa na nani

Ndugu mleta mada, kabla hujasoma neno jingine, mpigie fundi wako umwambie Jumatatu asije. Umeandika kwamba una shilingi milioni 18, umepata kiwanja kijijini kwenu Kisarawe, unataka kujenga kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ili akina mama wapate nafasi ya kwenda shambani na kwenye vibarua, na unatuomba ushauri kuhusu ukubwa wa vyumba, rangi ya kuta, vibali, mtaala, ada, na kama ni kweli kituo cha namna hiyo kinaweza kuinua uchumi wa kijiji. Nimeusoma uzi wako mara mbili nikiwa kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu, na mara zote mbili nimetafuta mahali ulipoandika mlezi atalipwa na nani. Hapapo. Mimi nilikuwa na milioni 23, na kwangu pia hapakuwapo.

Nilistaafu mwishoni mwa 2017. Ukweni kwangu ni Mkuranga, mwendo mfupi kutoka barabara ya Kilwa, na kijijini pale kulikuwa na banda la kubangulia korosho lenye akina mama wapatao 30 waliokuwa wakilipwa kwa kilo. Wengine walifika na watoto mgongoni, wengine walichelewa hadi saa tatu wakimsubiri bibi arudi kisimani, na wengine walikuja siku mbili kwa wiki, siku ambazo binti mkubwa alikubali kukosa shule ili abaki na mdogo wake. Mwenye banda alinilalamikia kwamba ana kazi ya watu 30 na hajui kesho watakuja wangapi. Nikaona kwamba nikiwapa wale akina mama mahali pa kuwaacha watoto, kila mtu atafaidika, na mimi nitapata cha kujishughulisha nacho nikiwa mstaafu.

Hapo ndipo nilipomtafuta mshauri wa miradi hapa mjini. Simtaji, ila kama mmoja wenu aliwahi kuandikiwa andiko lenye kurasa 41 na kijana aliyevaa suti ya buluu iliyombana mabegani, basi tukutane tufariji mioyo yetu. Andiko lile lilikuwa na kila kitu. Lilikuwa na mchoro wa jengo, rangi za kuta kwa kila rika, aina ya bembea, hata mahali pa kupanda maua. Ada ilipangwa kuwa 15,000 kwa mwezi kwa watoto 40, yaani laki sita, na mishahara ilipewa mstari mmoja tu: "Italipwa kutokana na ada." Nilimlipa laki sita kwa kazi hiyo, kiasi kilekile ambacho ada hazikufikisha hata mwezi mmoja.

Mbali na hiyo laki sita ya mshauri, milioni 23 zilikwenda hivi. Jengo na choo vilichukua milioni 17, uzio na bembea ya chuma milioni 2.8, viti, meza, mikeka na masufuria milioni 1.9. Choo cha watoto kilikuwa na vigae vizuri kuliko changu cha Mbagala, na mke wangu hadi leo akitaka kunikomesha hukiita kile kituo Ikulu Ndogo. Nilibaki na milioni 1.3. Walezi wawili niliwalipa 160,000 kila mmoja na mpishi wa uji 90,000, jumla 410,000 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe. Kabla mtoto wa kwanza hajavuka kizingiti, kituo changu kilikuwa na uhai wa miezi mitatu, na mimi nilikuwa nimesimama nje napiga picha za bembea.

Tulifungua Februari 2018. Watoto 31 wakaandikishwa, 19 wakalipiwa. Machi wakalipiwa 11. Aprili mvua za masika zikakolea, na masika kule ni wakati ambapo kazi ya shamba ni nyingi kuliko wakati wowote na fedha ni kidogo kuliko wakati wowote, kwa sababu mkulima yuko katika palizi na chakula cha ghalani kinakwisha. Yaani mama anamhitaji mlezi zaidi katika mwezi uleule ambao hana cha kumlipa. Hilo mkulima yeyote angeniambia bure. Mshauri wangu hakuliona, na mimi niliyezaliwa kijijini nilijitia kulisahau kwa sababu kurasa 41 zilikuwa zimechapwa vizuri.

Nilipompigia simu akanipa wazo lililonimaliza kabisa. Alisema niache kutoza kila mwezi, wazazi walipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo baada ya mauzo ya korosho. Kwenye karatasi lina mantiki: mkulima huvuna kuanzia Oktoba, hupeleka ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika, mnada hufanyika, fedha huingia benki. Nikakopa milioni 2.5 katika kikoba cha mke wangu, nikaendelea kulipa walezi huku nikihesabu siku za kufika Novemba. Wanaokumbuka msimu huo wameshaanza kutikisa kichwa. Wakulima walizikataa bei za mnada, Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, kisha ukaanza uhakiki wa wakulima na malipo ya wengi yakachelewa. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya, kwa kuwa bei yenyewe ilikuwa nzuri. Nasema kwamba mshahara wa mtu anayewalea watoto 31 ulikuwa umening'inizwa kwenye kamba moja, na kamba hiyo ilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakujua kama kituo changu kipo.

Mlezi wangu hodari aliondoka Desemba. Hakugombana na mtu. Alikuja na mkoba wake, akaniambia, "Baba, shikamoo, mimi nimepata kazi Mbagala," nami nilikuwa nikidaiwa naye miezi miwili. Dada yule alikuwa na kipaji ambacho andiko halikukitaja: mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa akilia tangu getini alinyamaza akishikwa naye tu. Watoto hawakufuata vigae vya choo, walimfuata yeye, na alipoondoka watoto 14 hawakurudi Januari. Mwishoni mwa mwezi huo nilifunga mlango kwa kufuli.

Sasa umeuliza kama kituo kinasaidia uchumi wa kijiji. Nitakujibu kwa kile nilichokiona Machi 2019 nilipopita pale bandani. Mama mmoja mwenye mapacha alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono ameipaka majivu ili mafuta ya maganda ya korosho yasimbabue. Pacha mmoja alikuwa amefungwa kwa kanga kwenye mguu wa meza, na mwingine alikuwa akitambaa. Yule anayetambaa alikuwa na kidonda cheusi kwenye mdomo wa chini. Alikuwa ameokota ganda akalitia kinywani, na mafuta yale, kama hujawahi kuyagusa, huunguza ngozi kama tindikali. Mama alikuwa akibangua korosho tatu, anageuka, anabangua mbili, anageuka. Kituo kilipokuwa wazi, mama huyohuyo alikuwa akifika saa moja na kubangua hadi saa tisa bila kugeuza shingo. Mwenye banda aliniambia kwamba wanaokuja kila siku wamebaki 12, na kwamba amemkosa mnunuzi mmoja kwa kushindwa kutimiza mzigo kwa wakati. Korosho nyingi za nchi hii husafirishwa zikiwa ghafi zikabanguliwe ng'ambo, na hotuba za kutaka tubangue wenyewe tumezisikia za kutosha, lakini sijasikia hotuba hata moja inayouliza mbanguaji atamwacha wapi mtoto.

Usitegemee pia kwamba sheria itakubebea mzigo huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ni haki nzuri, ila mama anayelipwa kwa kilo, bila mkataba, huzisikia redioni tu. Wala usishangae kwamba kijijini hakuna wa kuwalea watoto hao. Wasichana waliokuwa wakilea wadogo zao wako hapa Dar es Salaam, Sinza na Tabata, wanawalea wa kwetu.

Baadaye nilisoma kwamba India, katika sheria yao ya ajira za vijijini ya 2005, walipoweka kazi za umma waliandika kuwa wakifika watoto watano au zaidi wa chini ya miaka sita pamoja na mama zao, mwanamke mmoja kati ya wafanyakazi apewe kazi ya kuwaangalia, naye alipwe ujira. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Sheria ya nchi nzima ilianza na mtu na ujira wake, mimi nilianza na bembea. Hata kwetu tulikuwa na kumbukumbu ya kutosha. Enzi za vijiji vya ujamaa, mdogo wangu wa mwisho alilelewa katika kituo cha kijiji chetu kilichokuwa chini ya mti wa mwembe na paa la makuti, unga ukitoka shamba la kijiji. Kilidumu kwa muda wote ambao shamba hilo lililimwa. Shamba lilipoachwa, na kituo kikafa.

Tulifungua upya 2021, na safari hii sikuruhusu mtu yeyote ataje tofali. Sharti langu lilikuwa moja: mshahara wa walezi wawili wa miezi 12, 180,000 kila mmoja, yaani milioni 4 na laki 3 na 20 elfu, uwe umeshajulikana unatoka wapi kabla hatujaandikisha mtoto, na usitoke mahali pamoja. Mwenye banda, ambaye sasa alikuwa amejua hasara ya kutokuwa na kituo, alikubali kulipa mlezi mmoja mwaka mzima, hata miezi ambayo korosho ghafi zimekwisha. Kikundi cha akina mama kilipata mkopo usio na riba kutoka halmashauri, ile asilimia nne ya mapato yake ya ndani inayotengewa vikundi vya wanawake, wakanunua mashine ya kusaga, na kila debe linalosagwa lina fungu lake dogo la mlezi wa pili. Angalia vizuri: mkopo ulinunua mashine, haukulipa mshahara. Ukilipa mshahara kwa mkopo utafanya kile nilichofanya na kikoba cha mke wangu, ambaye hajanisamehe na ana hoja. Wazazi hawatoi ada ya fedha. Wanaleta unga wa uji, kuni na zamu ya kuteka maji, na asiye na kitu kwa wiki hiyo mtoto wake hafukuzwi. Jengo tulilihitaji kidogo sana, chumba kimoja cha Ikulu Ndogo kinatosha, vingine viwili tumempangisha fundi cherehani na kodi yake ndiyo inayomlipa mpishi. Watoto ni 26, mlango unafunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na bandani wanafika akina mama 27 kwa siku ya kawaida.

Kuhusu vibali, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako mapema, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na wao watakueleza masharti yao ya majengo na ya sifa za walezi. Mtaala waulize haohao. Uliuliza na jambo jingine kuhusu ukubwa wa vyumba, lakini nimekwishaandika mengi na bado hujaniambia mwezi wa Aprili, mvua inanyesha na mihogo haijang'olewa, dada anayebeba watoto wa wenzake tangu alfajiri atapokea shilingi ngapi na kutoka mfuko wa nani.

Rangi yoyote inafaa. Bembea ninayo, nakuuzia nusu bei, ila nipe taarifa wiki moja kabla hujaja kuichukua, kwa sababu akina mama wa jirani wameigeuza kichanja cha kuanikia makopa na hawapendi kuhamishwa ghafla.