MCA asema kazi itajionyesha yenyewe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza samaki huku Pwani, jarida lako mke wangu ndiye huanza nalo, mimi hulipata likishaingia mafuta ya viazi karai. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, tulimpigania 2022 mpaka sauti zikakauka, sasa kila tukimuuliza mpango wake ni upi atwambia "kazi itajionyesha yenyewe". Juzi matangani akaulizwa ile barabara ya kuteremkia ufuoni itapita wapi, akasema akitaja tu mabwanyenye wa Nairobi watashuka na ndege wanunue mashamba yote, sisi tubaki kuangalia. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, lakini jibu pia sikuwa nalo. Kwani kiongozi ni lazima aseme mipango yake hadharani ama ni hiari yake?
Msomaji, Pwani

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni lazima, na nitakuonyesha sheria yenyewe hapo chini, ila tuanze na hilo la mashamba maana ndilo lililokufunga mdomo, na ukweli ni kwamba huyo MCA hajadanganya yote. Ardhi hupanda bei barabara ikitajwa, hilo hata mtoto wa huko kwenu analijua.

Lakini kumbuka Lamu. Machi 2, 2012 Rais Kibaki alikuja kuzindua bandari na ule mradi mzima wa LAPSSET, wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, akiwa na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na marehemu Meles Zenawi, waziri mkuu wa Ethiopia, ndio wengi wakajua kweli jambo lipo. Halafu Julai 2014 Rais Uhuru akatoka akasema kuna kampuni 22 zilizojipatia ardhi ya Lamu kama ekari laki tano hivi, na zilijipatia lini? Kati ya 2011 na 2012! Yaani wakati mvuvi wa Lamu yuwapara samaki wake, kuna watu tayari washapima na washaandikiwa. Sasa wewe niambie hao habari waliipata kwa baraza la chifu? Mimi siamini. Mpango ukifichwa haufichwi kwa wote, wafichwa wewe na mimi, mwenye rafiki ofisini anao tangu mwaka juzi. Kwa hivyo ukinyamaziwa eti ulindiwe shamba, ujue mnunuzi huenda keshakuja na wewe ulimuuzia kwa bei ya hasara ukidhani ni mtu wa kufuga kuku tu.

Siri za haki zipo, sikatai. Polisi wakienda kukamata wauza unga hawatangazi msikitini, na zabuni haisomwi bei kabla ya siku ya kufunguliwa. Lakini angalia hizo zote zina siku ya kuisha. Siri ya MCA wako inaisha lini? Muulize tarehe.

Haya, sheria. Katiba ya 2010 ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, ibara ya 196 inalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi zake mbele ya watu na kuwashirikisha, ya 201 inataka pesa za umma zishughulikiwe kwa uwazi. Halafu kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, hiki ndicho nikipendacho mimi, kinasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Sio nje ya moyo wa mheshimiwa, nje ya mpango ulioandikwa! Kila kaunti ina mpango wa miaka mitano, wenyewe wauita CIDP, halafu kila mwaka kabla ya Septemba 1 kunapelekwa mpango wa mwaka unaofuata, Februari 28 karatasi ya mwelekeo wa matumizi, Aprili 30 makadirio ya bajeti, Julai 1 mwaka wa pesa unaanza. Hiyo barabara yenu kama haimo humo basi hakuna barabara, kuna maneno ya matangani. Na kama imo basi ishatangazwa kitambo, mheshimiwa hana siri ya kuwafichia.

Hapo ndipo nataka ushike vizuri, kwa sababu MCA hana mfuko wa kujenga barabara. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuwasemea nyinyi na kuichunguza serikali ya gavana. Anaposema "kazi itajionyesha" anaongea kama ndiye mjenzi, na sisi tumemzoesha hivyo, tunampigia simu hadi karo. Cha kumuuliza ni uliidai kwenye mpango wa mwaka gani, imewekewa shilingi ngapi, na nini kilitolewa ili yetu iingie. Hilo la tatu watu hawaliulizi kabisa.

Mimi niliwahi kwenda kikao cha kutoa maoni ya bajeti, kaunti siitaji. Ukumbi umejaa, viti vya plastiki, joto, kitabu chenyewe ni kinene kama Kurani ya msikitini na kimeandikwa Kizungu kitupu, fotokopi tatu kwa watu kama sitini. Tulipewa soda na mkate wa mayai. Bibi mmoja mwenye leso ya njano akainuka akauliza zahanati yetu ya kule juu imo? Afisa akasema imo mama, usijali. Bibi akasema nionyeshe. Yule kijana akafungua, akafungua, akalowesha kidole kwa ulimi akafungua tena, ukumbi mzima kimya unasikia feni tu. Haimo. Akasema labda ni makosa ya uchapaji, watu wakacheka lakini bibi hakucheka, alikaa na kuufunga ule mkate wake kwenye leso. Usiniulize kama iliingizwa baadaye, mimi mwenyewe sikurudi kufuatilia na hilo najilaumu.

Na wanaotangaza mipango nao tuwaangalie, maana kuna kutangaza nusu. 2022 Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walisema hadharani watafikisha nyumba 250,000 kwa mwaka, wazi kabisa, tulisikia. Ambacho watu hawakukisikia kwenye zile lori za kampeni ni kwamba mwenye mshahara atakatwa asilimia 1.5 ya kujengea hizo nyumba na mwajiri wake aongeze kama hiyo, hayo yalikuja na Sheria ya Fedha ya 2023 tayari kura zishahesabiwa. Je walificha mpango? Hawakuficha, walificha bei. Ni kama mtu akuposee mwanao aseme tutafanya arusi kubwa sana, ukumbi, taarab, kila kitu, halafu siku ya siku akuletee wewe bili.

Matokeo yake uliyaona 2024. Ule mswada wa fedha vijana waliusoma wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaukatakata vipande vipande kwenye TikTok, ushuru wa VAT asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, mpaka shangazi yangu asiyejua hata kuweka simu chaji alikuwa akinieleza. Juni 25 watu wakaingia bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa, kesho yake Rais Ruto akasema hautii sahihi. Mimi sifurahii vile ilivyofika huko, mtoto wa mtu alikufa kwa ajili ya karatasi ambayo ingeweza kuelezwa mapema kwa lugha ya watu, wakabishana, wakakataa mkate wakakubali labda kingine.

Sasa wewe ufanye hivi. Andika barua kwa kaunti, kwa Kiswahili, hawana ruhusa ya kukukataa kwa lugha kwa sababu Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema maombi ni kwa Kiingereza au Kiswahili. Omba ukurasa wa mpango wa mwaka unaotaja wadi yenu, usiombe kitabu kizima watakuzungusha. Wana siku 21 za kujibu, wakinyamaza wapeleke kwa ofisi ya Ombudsman, ile ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Barua fanya mbili, moja wagongwe muhuri ubaki nayo. Halafu matanga mengine yakija nenda na ile nakala mfukoni.

SWALI: Mwalimu, kiongozi akitangaza manifesto na asiitimize naweza kumshtaki?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, kesi hiyo ni ngumu, manifesto si mkataba, hukutia sahihi wewe wala yeye. Katiba ibara ya 104 inawapa wapigakura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake, lakini tangu 2010 hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwa njia hiyo. Mahakama huingia pale serikali inapovunja sheria au Katiba, sio pale mtu alipoahidi daraja akaleta fulana. Hiyo manifesto usiitupe lakini, iweke na vyeti vya watoto kwenye lile begi la chini ya kitanda, uitoe Agosti 10, 2027, siku ya kura, asubuhi kabla hujaenda kupanga foleni.