Damu mingi ku kichwa ya mtoto tumboni: ni habari nzuri ao ni alama ya hatari?

Swali: Doktere, bibi yangu ana mimba ya wiki 32. Ekografi ya dopla (ile ya kupima mwendo wa damu) hapa Bukavu imeonyesha damu inaenda mingi ku kichwa ya mtoto kupita kawaida. Tulifurahi, tukasema ubongo unakula vizuri. Mbona wanataka turudi haraka?

Jibu: Papa, murudi leo, maelezo mutasoma njiani.

Mtoto tumboni hapumui, oksijeni na sukari vyote anavipata kwa mama kupitia plasenta, na ile damu safi inapita kitovu, sehemu yake inakata njia bila kuzunguka ndani ya ini, inafika moyoni, inavuka upande wa kushoto kwa katundu ambako kwetu wakubwa kwa kawaida kameshafungwa, kiisha inapanda kichwani. Kwa hiyo hata siku ya kawaida ubongo na moyo ndio vinahudumiwa kwanza.

Sasa plasenta ikichoka, mara nyingi juu ya tansio ya mama kupanda, oksijeni inapungua na mtoto anabana mishipa ya miguu, utumbo na figo, anaachilia ile ya ubongo. Dopla inaonyesha mshipa wa kati wa ubongo umelegea, damu inapita mingi hata moyo ukiwa umepumzika kati ya pigo na pigo. Hapo ubongo haukuli zaidi, unajikinga. Ndiyo maana tunaulinganisha na mshipa wa kitovu: wa kitovu ukikaza na wa ubongo ukilegea, mimi naogopa. Na ubongo wenyewe unapunguza matumizi, mtoto anacheza kidogo, anaacha ile mazoezi ya kupumua anafanya bila hewa.

Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Mtoto mzima naye ana usingizi wa macho kuchezacheza, ubongo unafanya kazi sana, unataka oksijeni na damu zaidi, na ana usingizi mutulivu ambao unaweza kufika dakika 40, moyo (kawaida pigo 110 mpaka 160 kwa dakika) unapiga bila kubadilika sana. Kwa hiyo dopla inachukuliwa mtoto akiwa ametulia, na inarudiwa.

Mubebe karatasi ya ekografi na kadi ya CPN (kliniki ya mimba), waombe wapime tansio, mkojo na damu ya mama. Kama wataona mtoto atoke mapema, muulize sindano za kukomaza mapafu. Mama alale kwa ubavu, asilale chali. Mtoto akipunguza kucheza usiku, musingoje asubuhi.